Mgeni au Rehani

Katika lugha ya Warumi kulikuwa na maneno mawili ambayo Sunila mkalimani aliyachukia kuliko mengine yote. La kwanza ni ospes, maana yake mgeni. La pili ni opses, maana yake rehani, yaani mtu anayekabidhiwa upande wa pili ili ndugu zake wakivunja ahadi, yeye alipe kwa shingo yake. Ukiyaona kwenye maandishi utayatofautisha bila taabu. Lakini Warumi wa siku zile walikuwa wakila nusu ya maneno yao, na yakitoka mdomoni mwa mtu mwenye haraka, au mwenye mafua, au mwenye hila, ni sauti mbili tu zilizopishana mlangoni.

Mjumbe aliyekuja Tolosa, mji wa Mfalme wetu, mwaka ule alikuwa na vyote vitatu.

Jina lake Leporio, mtu mfupi, mwekundu wa pua, mwenye leso isiyotoka mkononi. Alitumwa na mkuu wa Arelate, mji wa Warumi, kuja kuongeza muda wa urafiki. Urafiki wenyewe tunaujua. Warumi walitupa sisi Wagothi mashamba yale mazuri ya mto Garumna ili tuwapigie vita vyao, nasi tukayapokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa kwenye mpini wa upanga. Tangu hapo kila upande umekuwa ukimwita mwenzake ndugu na kulala jicho moja wazi.

Leporio alisimama mbele ya Mfalme akasoma alichotumwa. Ngano, njia za jeshi, salamu kwa malkia. Yote yalikuwa kwenye maandishi, na Sunila akayageuza moja moja bila kukwama. Kisha mjumbe akakunja ngozi yake ya maandishi, akapangusa pua, akasema kwamba kuna jambo moja dogo ambalo mkuu wake ameona heri liletwe kwa mdomo. Anaomba kijana wa nyumba ya Mfalme aende kukaa naye Arelate, akae kama, na hapo leso ikapanda puani, neno likatoka nyuma ya kitambaa.

Sunila alisikia s. Alisikia na p. Ipi ilitangulia, hakusikia.

Akamwomba arudie. Leporio akarudia kwa adabu zote, akitabasamu, leso pale pale, na neno likatoka vilevile lilivyotoka mwanzo. Kumwuliza mtu mara ya tatu, kwa Warumi na kwetu pia, ni kumwita mwongo mbele za watu.

"Amesemaje?" Mfalme akauliza.

"Anaomba kijana wa nyumba yako akakae Arelate, bwana wangu."

"Akae kama nani?"

Laiti Sunila angesema mgeni pale pale, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amezoea kusema alichokisikia, na mazoea ya ukweli yana ubaya wake, humtoka mtu kabla hajafikiri.

"Neno la mwisho sikulipata, bwana wangu. Ama ni mgeni, ama ni rehani. Kwao yanakaribiana."

Batwin, mkuu wa mikuki, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mfalme, akacheka kwa pua. Yeye na Sunila walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Sunila alikuwa amekulia kwa Warumi, na Batwin hakuwahi kumsamehe kwa kurudi akiwa hai.

"Miaka yote hii tunamlisha nyama kwa ajili ya ulimi wake," alisema Batwin. "Leo neno moja tu, limemshinda. Au ameshiba?"

Mfalme hakucheka. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na watu walizoea kumwona mzito wa akili mpaka walipogundua kwamba wameshachelewa.

"Basi sikilizeni," alisema. "Kama wanataka mgeni, atakwenda mwanangu Fritharik. Mtoto wa mfalme akialikwa na asiende, hilo ni tusi, na mimi sina jeshi la kutosha kulipia tusi mwaka huu. Lakini damu yangu haiwekwi rehani kama sufuria. Kama wanataka rehani watapewa kijana wa nyumba yangu. Nyumba yangu ni kubwa." Akamgeukia mkalimani. "Sunila. Binti yako si analala kwa malkia?"

"Analala huko, bwana wangu."

"Anaitwa nani vile?"

"Gaatha."

"Gaatha," alisema Mfalme, kama mtu anayeonja kitu.

Mkuki kwa nguruwe. Kuanzia hapo hakuna mtu ukumbini ambaye hakuelewa. Neno likiwa mgeni, mtoto wa Mfalme anaondoka. Likiwa rehani, anaondoka mtoto wa mkalimani, na siku Mfalme atakapovunja ahadi, na wafalme wetu hawajawahi kushindwa kuzivunja, Warumi watajua shingo ya kuanzia.

"Sasa mwulize tena," Batwin alisema. "Mtaona neno litakavyomjia mbio."

"Hatumwulizi," alisema Mfalme.

Mfalme akaendelea, "Tena hatumhitaji. Ulimi hauna mfupa, mkono unao. Kesho mchana tule na huyu mtu wa makamasi. Fritharik akae naye sahani moja, tutazame. Mtu akila husahau kudanganya."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana desturi hiyo kila Mgothi anaijua tangu akiwa na meno ya utotoni. Mgeni hujikatia nyama mwenyewe, kwa kisu chake, kiasi anachotaka. Mateka na aliyewekwa rehani hawashiki kisu, hivyo hukatiwa na anayewashika. Hata mama akimkatia nyama mtoto aliyekwisha kuota ndevu, mtoto hukasirika na kuondoka mezani.

Sunila akapiga hatua mbele. Yeye alikuwa amekula kwenye meza za Warumi miaka mingi.

"Bwana wangu," alianza, "Warumi wakila huwa wana..."

"Mnamsikia?" Batwin akamkata. "Kondoo hajachinjwa, yeye ameshaanza kuitafsiri nyama."

Ukumbi ukaangua kicheko, Mfalme akainua mkono, shauri likafungwa.

*

Gaatha alimkuta baba yake nyuma ya nyumba ya wafumaji, akiwa amekaa juu ya gogo la kupasulia kuni. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mama yake marehemu, na vidole vyake vilikuwa vya bluu kwa rangi ya sufu. Habari ilikuwa imeshamfikia. Katika nyumba ya malkia habari hufika kabla ya mwenye habari.

"Baba, ni kweli?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini?"

"Bado hawajala."

Akamweleza. Binti akasikiliza huku akifikicha rangi vidoleni, isitoke.

"Ila kule kwao kukatiwa nyama si kitu, sivyo?" aliuliza. "Uliwahi kuniambia. Yule bibi aliyekuwa akikukatia."

"Mamea. Alikuwa mtumwa wa kazi hiyo. Kule tajiri hukatiwa, mtoto hukatiwa, askofu hukatiwa. Wanakula wamelala ubavu, mkono mmoja uko chini ya kichwa, watakata kwa nini? Kukatia mtu nyama ni wema tu."

"Basi waambie."

"Nani ataniamini? Mimi ni baba yako."

Gaatha akaketi kando yake juu ya gogo. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kuuliza, ingawa kila mtu Tolosa alikuwa ameliuliza nyuma ya mgongo wa Sunila.

"Na wewe, baba, ulikuwa nani kule? Mgeni au rehani?"

Sunila alitaka kumjibu vizuri. Alikumbuka siku babake alipompakia kwenye gari akimwambia anakwenda kutembea. Alikumbuka bustani, mwalimu mpole, matunda ya tini, na Mamea akimpulizia nyama ya moto. Alikumbuka pia mwaka ambao Wagothi walishambulia ngome moja ya pwani. Hakuna aliyemgombeza. Walimhamishia chumba kingine tu.

"Nilikuwa mgeni," alisema, "mpaka siku niliyosukuma mlango nikakuta umefungwa kwa nje."

Alipotoka hapo alikusudia kwenda kwa Leporio. Neno moja lingetosha: kesho usimkatie kijana nyama. Alitembea mpaka kona ya nyumba ya wageni, akasimama. Pale mlangoni aliketi mtu wa Batwin akitafuna kitunguu kibichi, akimtazama bila kuficha. Akimwona mkalimani anaingia kwa mjumbe peke yake, mpaka jioni ingekuwa imeshasemwa kwamba wamegawana mali.

Lakini lililomrudisha hasa lilikuwa jambo jingine. Aliwaza, je, kama neno lilikuwa opses kweli? Basi atakuwa amekwenda kumfundisha mwizi jinsi ya kupita bila mbwa kubweka, na Fritharik, ambaye Sunila mwenyewe alimfundisha kusoma, na ambaye bado hulia akiota, ndiye atakayefungiwa mlango. Alitafuta ndani ya moyo wake ni lipi alilolisikia, akakuta kila anaposikiliza anasikia mgeni, na akajua kwamba hayo ni masikio ya baba. Hata yeye hakujiamini tena. Akageuka akarudi.

"Umepotea, mwalimu?" mtu wa kitunguu alimwuliza.

"Nanyoosha miguu."

"Nyoosha tu. Tunaihesabu."

*

Mchana wa pili meza zikapangwa. Leporio aliletwa akaketi, maana kwetu hakuna kulala ubavu, akatafuta kidogo mahali pa kuweka kiwiko, akakosa. Fritharik alikaa kushotoni kwake, amechanwa nywele na kupakwa siagi, amepewa kisu kipya chenye mpini wa fedha, akakiweka mbele yake watu wakione. Sunila alisimama nyuma yao kama ilivyo kazi yake. Bega la kondoo likaletwa linatoa moshi.

Leporio alipiga chafya, akaomba radhi, akaisifu nyama. Akamwuliza kijana anapenda kuwinda nini. Fritharik akajibu kwa Kirumi chake cha kukariri kwamba anapenda nguruwe mwitu, na mjumbe akafurahi kwa dhati, au uso wake ulifurahi. Kisha akachukua kisu chake mwenyewe. Akakata kipande laini cha karibu na mfupa, akakigawa vipande vidogo vidogo, akavisogeza upande wa kijana.

"Kula, mwanangu," alisema.

Ukumbi mzima ukaacha kula. Batwin alikiweka kikombe chake mezani taratibu. Fritharik akatazama vile vipande, masikio yakawa mekundu, akatia mikono chini ya meza. Leporio peke yake ndiye aliyeendelea kutafuna.

"Sunila," alisema Mfalme. "Mkono umesemaje?"

"Umesema karibu, bwana wangu. Kwao ndivyo wanavyomfanyia mtu wanayempenda. Hukatiana wote."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Batwin, si kwa sauti kubwa, na haikuhitaji kuwa kubwa.

Sunila akahisi hasira ikimpanda mpaka machoni, na ndani ya hasira hiyo akasema jambo ambalo mtu mwenye akili hamwambii mfalme mbele ya watu. "Bwana wangu, wewe mwenyewe ulikula na Warumi kule Narbo. Unajua."

Mfalme akatia kipande cha nyama mdomoni. Akamaliza kutafuna, akameza.

"Nilikula nao vitani," alisema. "Vitani kila mtu hujikatia."

Hapo ndipo Sunila alipotambua kwamba tangu nyama iingie, Mfalme hakuwa akiutazama mkono wa Leporio hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye. Inawezekana alikuwa akijua desturi ya Warumi tangu mwanzo, na inawezekana hakujua. Alilolijua bila shaka ni kwamba meza ile itampa jibu ambalo wazee wataliapia, na kwamba mtu pekee wa kulipinga ni mtu ambaye hataaminiwa. Mzito wa akili, walisema.

"Mwambie mjumbe," alisema Mfalme, "kesho asubuhi kijana wa nyumba yangu atakuwa tayari."

Sunila akaligeuza hilo neno kwa neno. Leporio akaweka mkono kifuani kwa shukrani, akampigapiga Fritharik kichwani, kisha akapangusa siagi kwenye leso.

*

Asubuhi gari la mjumbe lilisimama uani, farasi wakipumua ukungu. Gaatha alitoka na furushi lake na joho la malkia, zawadi ya kuagia. Malkia mwenyewe hakutoka. Sunila alimpa binti yake kisu chake, kile cha mpini wa mfupa alichokuwa nacho tangu arudi kutoka Arelate.

"Kivae mkandani, kionekane," alimwambia. "Nyama ikiletwa, wahi kuikata kabla hawajakukatia. Wakikuzuia, ujue wewe ni nani."

"Na wasiponizuia?"

"Usiamini bado."

Gaatha alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Akamkumbatia baba yake kwa nguvu, rangi ya bluu ikabaki kwenye kola yake, na Sunila hakuifuta.

Leporio alitokea amefunga mikanda ya safari. Pua yake ilikuwa safi. Mafua yalikuwa yamemwisha usiku mmoja, na sauti yake ilisikika wazi kama ya mnadi wa sokoni anayetangaza bidhaa. Alimtazama Gaatha, akatazama nyuma yake, akatazama mlango wa ukumbi.

"Kijana yuko wapi?"

"Ndiye huyu. Wa nyumba ya Mfalme."

"Binti yake?"

"Amelelewa na malkia."

Mjumbe akamshika Sunila mkono wa nguo, akamvuta kando ya gurudumu. Mtu wa kitunguu akasogea, ila Kirumi hakukijua.

"Nisikilize vizuri," Leporio alisema. "Mimi nina bwana. Nikifika ataniuliza swali moja tu, na kwa jibu hilo atajua ampe chumba gani. Mfalme wenu anamtoa huyu kama nani?"

Sunila akafungua mdomo. Akisema rehani, binti yake anaingia chumba kile chenye komeo la nje tangu usiku wa kwanza. Akisema mgeni, mkuu wa Arelate atauliza ni mgeni gani huyu asiye na damu ya mfalme, tusi litarudishwa Tolosa pamoja na gari, vita nyuma yake, na Mfalme atataka kujua nani aliyelitamka. Alimwona Gaatha ameshapanda, amekaa wima, mkono juu ya kisu, akimtazama.

Sunila hakuwa na mafua. Hata hivyo aliinua mkono, akajipangusa pua kwa ukingo wa joho, na nyuma ya kitambaa akalitoa lile neno.

Leporio akakunja uso.

"Sema tena."

Akasema tena, kwa adabu zote, vilevile.

Mjumbe alimtazama kwa muda mrefu. Mdomo wake ulianza kuuliza, ukaacha. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la fundi aliyeonyeshwa kazi ya fundi mwenzake, na kwa tabasamu hilo Sunila akapata alilokuwa akilitafuta tangu juzi. Kule Arelate pia hawakuwa wameamua. Walilituma neno likiwa limefunikwa, ili baadaye lifunuliwe vyovyote itakavyowafaa.

"Nimekuelewa," alisema Leporio, akapanda.

Gari likaanza kwenda. Uani walibaki watu wachache, na Batwin, aliyekuja kushuhudia, akapita karibu na Sunila akanong'ona, safari hii bila dhihaka, "Ulimwambia nini?" Sunila akampa mgongo. Macho yake yalikuwa barabarani.

Karibu na lango la mji, mtumishi wa Leporio aliinama kutoka kiti cha mbele, akamnyooshea Gaatha mkono, kiganja juu. Gaatha akapeleka mkono wake mkandani. Kutoka pale uani ilikuwa mbali, na vumbi lilikuwa jingi, na baba yake hakuweza kuona kama yule mtu alikuwa anampa kitu au anadai kisu. Bado alikuwa akikaza macho gari lilipopinda kona.